Herufi Juu ya Jalada: Jaji Jane Bolin na Watoto wa Mahakama ya New York

Mwaka 1939, mzazi aliyefika na mwanawe katika Mahakama ya Mahusiano ya Kifamilia ya Jiji la New York alikuwa amekwisha kupangiwa njia kabla hajamwona jaji. Juu ya hati ya maombi, mahali ambapo jicho hutua kwanza, iliandikwa herufi kubwa: N kwa familia ya Weusi, ikiwa ni herufi ya kwanza ya jina ambalo Wamarekani wa siku zile waliwaitia watu hao, na PR kwa familia iliyotoka Puerto Rico. Herufi hiyo haikuwa sehemu ya ushahidi, wala hapakuwa na wakili aliyeweza kuipinga kama anavyopinga maelezo ya shahidi. Ilikuwa alama ya masjala tu, na mambo ya masjala kwa kawaida hayana mtu wa kuyakatia rufaa.

Kisa ninachokichambua hapa ni namna alama hiyo ilivyoondolewa, pamoja na mambo mazito zaidi yaliyofungamana nayo, na nafasi aliyokuwa nayo katika kazi hiyo Jaji Jane Matilda Bolin, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji nchini Marekani. Wengi wanaomtaja huishia kwenye neno hilo la “kwanza”. Yeye mwenyewe hakulishangilia; alipoulizwa uzeeni alisema kwamba waliolishughulikia walikuwa watu wengine. Naona alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu kilicho muhimu zaidi ni miaka 40 iliyofuata baada ya siku moja ya kuapishwa.

Ili uzito wa herufi ile ueleweke, ni lazima tuangalie kazi ya ofisa uangalizi katika mahakama ya watoto. Huyu ndiye mtu anayekwenda nyumbani kwa mtoto, anayezungumza na mwalimu na majirani, anayeangalia kama kuna chakula na kitanda, kisha anamwandikia jaji taarifa na kumshauri la kufanya. Jaji anamwona mtoto kwa muda mfupi tu. Ofisa anamfahamu kwa wiki au miezi. Katika mahakama ile, maofisa Wazungu walipewa familia za Wazungu, na maofisa Weusi, ambao Bolin alikumbuka kuwa alipofika walikuwa mmoja au wawili tu, walipewa familia za Weusi. Kugawa kazi namna hiyo kulihitaji kujua mapema nani ni nani, na ndiyo maana herufi iliandikwa juu ya jalada. Ukifanya hesabu ndogo utaona matokeo yake bila kuambiwa: maofisa wachache, familia nyingi, na kila mtoto akipata sehemu ndogo zaidi ya muda wa mtu ambaye taarifa yake ndiyo itakayoamua kama atarudi nyumbani au atapelekwa mbali.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Jiji la New York halikuwa na makao yake ya kutosha kwa watoto walioondolewa kwa wazazi. Tangu karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa na mashirika binafsi, mengi yakiwa ya dini, na jiji liliyalipa kwa kila mtoto yaliyempokea. Sheria ya jimbo nayo ilitaka mtoto apelekwe, kila inapowezekana, kwa walezi wa dini yake: Mkatoliki kwa Wakatoliki, Myahudi kwa Wayahudi, Mprotestanti kwa Waprotestanti. Kwenye karatasi mpango huo ulionekana kuwa wa heshima kwa imani ya kila mtu. Watoto wengi Weusi, hata hivyo, walikuwa Waprotestanti, na mashirika mengi ya Kiprotestanti hayakuwapokea Weusi kabisa au yaliwapokea wachache sana. Shirika lilikuwa na haki ya kumkataa mtoto mlangoni. Basi jaji angeweza kuamuru mtoto alelewe vizuri mahali fulani, halafu pasiwe na mahali.

Mtoto wa namna hiyo aliwekwa kwa muda katika makao ya kusubiria, na muda huo ukarefuka. Au alirudishwa kwenye nyumba ileile ambayo mahakama imekwisha kusema haimfai. Au, kama ni mvulana wa miaka 12 na zaidi, alipelekwa katika shule ya maadilisho ya serikali ya jimbo kama ile ya Warwick, pamoja na vijana waliotenda makosa makubwa, hata kama kosa lake lilikuwa utoro wa shule. Wavulana Weusi wa Kiprotestanti walio chini ya miaka 12 hawakuwa hata na Warwick. Hii ndiyo hali aliyoikuta Bolin, na aliijua kabla hajaketi kwenye kiti cha jaji.

Alizaliwa Aprili 11, 1908, katika mji wa Poughkeepsie, kando ya Mto Hudson. Baba yake, Gaius Bolin, alikuwa wakili, na ndiye Mweusi wa kwanza kuhitimu katika Chuo cha Williams. Mama yake alikuwa Mzungu mwenye asili ya Uingereza, naye alifariki Jane akiwa na miaka 8. Msichana huyo alikulia miongoni mwa vitabu vya sheria vya baba yake, akaenda Chuo cha Wellesley, ambako katika mwaka wake walikuwa wasichana Weusi wawili tu. Wenzao waliwatenga kiasi kwamba wawili hao waliamua kukaa pamoja nje ya chuo. Alihitimu mwaka 1928 akiwa miongoni mwa wanafunzi 20 bora wa darasa lake, na mshauri wa chuo akamwambia asijisumbue kuomba Kitivo cha Sheria cha Yale, kwa kuwa mwanamke Mweusi hana nafasi katika kazi ya sheria.

Baba naye hakutaka, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine. Alidhani bintiye atakuwa mwalimu wa shule, na aliona si vema mwanamke kusikia mambo machafu ambayo wakili hulazimika kuyasikia. Huwa narudi mara kwa mara kwenye hofu hiyo ya mzazi, kwa kuwa binti alikwenda kuyasikia mambo hayohayo kwa miaka 40: wake waliopigwa, watoto wachanga walioachwa, wavulana walioua. Yale walimpokea. Baadhi ya wanafunzi kutoka majimbo ya Kusini walikuwa wakiuachia mlango urudi kwa nguvu na kumgonga usoni anapopita nyuma yao. Mwaka 1931 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuhitimu hapo. Alifanya kazi na baba yake kwa muda mfupi, akaolewa na wakili Ralph Mizelle mwaka 1933, wakafungua ofisi New York. Mwaka 1936 aligombea ubunge wa jimbo kwa tiketi ya chama cha Republican, akashindwa.

Kilichomfungulia njia ni kazi aliyoipata mwaka 1937 katika ofisi ya mwanasheria wa jiji, ambako pia alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza. Alipangiwa Mahakama ya Mahusiano ya Kifamilia, akiwawakilisha wake na watoto wasioweza kumlipa wakili. Kwa miaka miwili alisimama mbele ya majaji, akasoma taarifa za maofisa, akaziona herufi.

Julai 22, 1939, ujumbe ulimfikia kwamba Meya Fiorello La Guardia anamtaka yeye na mumewe wafike kwenye Maonyesho ya Dunia yaliyokuwa yakifanyika Flushing, katika wilaya ya Queens, ambako meya alikuwa na ofisi wakati wa kiangazi. Hakuambiwa sababu. Mtumishi wa jiji anayeitwa na mkubwa wake namna hiyo hawazii zawadi, naye alikwenda akihofia kwamba kuna mtu amemlalamikia. Walipofika, meya alimchukua kwanza Mizelle wakazungumza pembeni, Bolin akabaki anasubiri. Kisha meya akamwambia asimame na kuinua mkono wake wa kulia, kwa kuwa anamwapisha kuwa jaji. Alikuwa na miaka 31. Muhula wake ulikuwa wa miaka 10.

Uteuzi ule ulikuwa na siasa ndani yake, na hakuna haja ya kulionea haya jambo hilo. Machi 1935 Harlem, mtaa wa New York wenye Weusi wengi, ililipuka kwa ghasia baada ya uvumi kuenea kwamba mvulana aliyekamatwa dukani kwa kuiba kisu cha bei ndogo ameuawa. Mvulana alikuwa hai, lakini uvumi uliaminiwa kwa sababu watu walikwisha kuona mengi yanayofanana nao. La Guardia aliunda tume kuchunguza, kisha hakuichapisha taarifa yake. Gazeti la Weusi la Amsterdam News ndilo lililoitoa mwaka 1936. Mwaka huohuo alimteua hakimu Mweusi, Myles Paige. Meya aliyehitaji kura na utulivu wa Harlem alikuwa na sababu ya kumweka Mweusi mwingine mahakamani. Hata hivyo, angeweza kutimiza haja hiyo kwa mtu asiyegusa chochote, na huyu aliyemteua aligusa.

Mahakama yenyewe haikuwa ya fahari. Ilishughulikia watoto waliotelekezwa, watoto waliokinzana na sheria, madai ya matunzo, na baadaye, ilipogeuzwa kuwa Mahakama ya Familia mwaka 1962, mambo ya kuasili na ya kuthibitisha ubaba pia. Hukumu zake hazikujenga majina ya watu katika vitabu vya sheria. Bolin aliketi bila joho, kwa maelezo kwamba mtoto akimwona mtu aliyevaa nguo nyeusi kutoka shingoni hadi miguuni atashikwa na woga na hatasema kitu. Aliwahi kueleza kwamba ni afadhali amsaidie mtoto kuliko kuamua ugomvi wa watu wazima juu ya fedha, na hilo linasaidia kueleza kwa nini alibaki katika mahakama hiyo moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Akiwa jaji alishughulikia kwanza lile la maofisa. Alitaka mgawo wa kazi usifuate rangi, na mgawo huo ulipoondolewa, herufi ikakosa kazi. Hapa ndipo ninapoona werevu wake. Angeweza kuanza na herufi yenyewe, akaipigia kelele kuwa ni tusi, na ingefutwa juu ya jalada huku orodha nyingine ikitunzwa ndani ya saraka. Aliushika utaratibu uliokuwa ukiihitaji. Tena alilifanya bila hukumu ya kesi yoyote, kwa kutumia ule uzito anaokuwa nao jaji mbele ya watendaji wa mahakama yake, uzito ambao majaji wengi huutumia kuhakikisha tu kwamba mashauri yanaitwa kwa wakati.

La mashirika halikuweza kwisha kwa namna hiyo, kwa sababu mlango ulikuwa wa mtu mwingine. Ufunguo ulikuwa fedha. Shirika linalolipwa na jiji kwa kila mtoto haliwezi kudai kuwa ni nyumba ya mtu binafsi yenye uhuru wa kuchagua wageni wake. Bolin, pamoja na mwenzake wa mahakama hiyohiyo, Jaji Justine Wise Polier, aliyekuwa binti wa rabi mashuhuri na aliyeteuliwa na La Guardia mwaka 1935, walisukuma hoja hiyo hadi mwaka 1942 jiji likaweka sharti katika bajeti yake kwamba fedha za umma zisiende kwa shirika linalowakataa watoto kwa sababu ya rangi. Kuanzia hapo anayekataa alitakiwa ajieleze, na jaji alikuwa na sharti la kumshikia.

Polier hapaswi kuachwa pembeni katika simulizi hii, kama inavyotokea mara nyingi pale Bolin anaposifiwa. Wawili hawa waliona tatizo kutoka pande mbili: mmoja Mweusi aliyelijua kwa ngozi yake, mwingine Myahudi aliyeona jinsi mgawanyo wa dini ulivyotumika kama pazia la mgawanyo wa rangi.

Shule ya Wiltwyck inaonyesha vizuri zaidi mahali ambapo ujaji na huduma kwa jamii vilikutana. Ilianzishwa miaka ya 1930 na shirika la misheni la Kianglikana huko Esopus, kando ya Mto Hudson, kwa ajili ya wavulana Weusi wa Kiprotestanti wa miaka 8 hadi 12, wale niliosema hawakuwa hata na Warwick. Mwaka 1942 misheni ilikuwa inaelekea kuifunga kwa kukosa fedha. Bolin, Polier na Eleanor Roosevelt, mke wa rais ambaye nyumba yake ilikuwa ng’ambo ya mto huohuo, walikuwa miongoni mwa walioiokoa. Iliundwa upya ikawa shule isiyofungamana na dini na isiyobagua rangi, ikiwa na wataalamu wa afya ya akili ya watoto. Bi Roosevelt alikuwa akiwaalika wavulana hao kila mwaka nyumbani kwake kwa mlo wa nje. Floyd Patterson, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa ndondi wa uzito wa juu mwaka 1956, alipitia hapo akiwa mtoto mwoga asiyependa shule.

Pana swali ambalo mchambuzi hawezi kulikwepa. Je, ni sawa jaji kusaidia kuendesha na kuchangishia fedha taasisi ambayo mahakama yake inaipelekea watoto? Kwa kanuni za maadili za majaji wa Marekani za leo, angeonywa: jaji hazuiwi kutumikia asasi za jamii, lakini hatakiwi kushika nafasi katika asasi ambayo mambo yake yana uwezekano wa kufika mbele yake, na kuchangisha fedha kumewekewa mipaka mikali. Mipaka hiyo ina maana, kwa sababu mzazi anayepinga mwanawe kupelekwa Wiltwyck ana haki ya kujiuliza jaji anaipenda shule au anampenda mtoto. Lakini katika New York ya 1942 jaji asiyefanya lolote nje ya chumba cha mahakama alikuwa na uamuzi mmoja tu wa kumpa mvulana Mweusi wa miaka 9, nao ni kumrudisha alikotoka. Nadhani alichagua vema, na nadhani pia kanuni iliyokuja baadaye ni nzuri. Sioni lazima ya kuyapatanisha mawili hayo.

Huduma yake haikuishia hapo. Alikuwa katika bodi za Ligi ya Ustawi wa Watoto ya Marekani, tawi la New York la chama cha Urban League, na NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi. Hakuwa mjumbe wa kupamba barua. Mwaka 1944 alirudi Poughkeepsie, mji uliojivunia kumzaa, akaulaumu hadharani kwa ubaguzi wake. Mwaka 1950 alijiuzulu uongozi wa kitaifa wa NAACP baada ya kutofautiana na wenzake. Watu wanaopenda shujaa asiye na makali huiruka sehemu hii.

Makali hayo yangeweza kumgharimu. Jaji wa mahakama ile alitegemea meya amteue tena kila muhula unapokwisha. Hubert Delany, Mweusi mwingine aliyeteuliwa katika mahakama hiyohiyo mwaka 1942, alinyimwa uteuzi mwaka 1955 na Meya Robert Wagner kwa madai ya kuegemea siasa za mrengo wa kushoto, wakati ambapo madai kama hayo yalivunja maisha ya watu wengi Marekani. Bolin aliteuliwa tena mwaka 1949 na William O’Dwyer, mwaka 1959 na Wagner huyohuyo, na mwaka 1969 na John Lindsay. Kwa maoni yangu kalenda ilimsaidia kidogo, kwa kuwa mwisho wa muhula wake haukuangukia katikati ya miaka ile mibaya. Hadi mwaka 1959, Juanita Kidd Stout alipopata ujaji Philadelphia, Bolin alikuwa mwanamke Mweusi pekee aliyeketi kama jaji nchini kote.

Nyumbani alikuwa mjane. Mizelle alifariki mwaka 1943, mtoto wao wa kiume akiwa na miaka miwili, na hadi alipoolewa tena mwaka 1950 na Mchungaji Walter Offutt alimlea peke yake huku asubuhi akisikiliza watoto wa wenzake. Alisema baadaye kwamba aliyepunjika ni yeye mwenyewe, usingizi na safari.

Sasa, je, alifaulu? Kuhusu maofisa, ndiyo. Kuhusu makao ya watoto, nusu. Sharti la bajeti lilizuia kukataa kwa maneno. Halikuzuia kukataa kwa visingizio. Shirika liliweza kusema limejaa, au kwamba tabia za mtoto huyu zinahitaji mahali pengine, au kwamba linatoa kipaumbele kwa watoto wa dini yake, jambo ambalo sheria ya jimbo bado iliruhusu. Mwaka 1973, Bolin akiwa bado kwenye kiti chake, mawakili wa haki za raia walifungua shauri katika mahakama ya shirikisho wakidai kwamba mfumo mzima wa kuwagawa watoto kwa mashirika ya dini unawaumiza watoto Weusi wa Kiprotestanti. Shauri hilo lilifikia makubaliano miaka ya 1980. Ni malalamiko yaleyale ya 1939, wakati huu bila herufi. Jaji mmoja wa ngazi ya chini, hata akiwa na mwenzake shupavu, hakuweza kuubomoa mfumo uliojengwa na katiba ya jimbo, makanisa na hazina ya jiji kwa pamoja.

Sheria ilimstaafisha akiwa na miaka 70, mwishoni mwa 1978, na hakuficha kwamba hakutaka kuondoka. Hakwenda kupumzika. Alikaa katika kamati ya Bodi ya Regents, bodi ya jimbo inayosimamia elimu na taaluma, kamati iliyopitia mashauri ya nidhamu ya wanataaluma wenye leseni, na alijitolea kufundisha kusoma katika shule za umma za New York, ameketi na mtoto na kitabu mezani. Alifariki Januari 8, 2007, akiwa na miaka 98, katika mtaa wa Long Island City, wilaya ya Queens, upande uleule wa jiji ambako meya alimwambia ainue mkono.